Kujenga ulimwengu wa kubuni kwa pepo, maji na mawe ya Mombasa: mwongozo kamili

Vijana wengi wa pwani wanaotunga fantasia huanza na mlima wenye theluji, msitu wa misonobari na mfalme aliyejifunika manyoya. Hiyo ni Ulaya ya kaskazini. Watunzi wa kule waliitumia kwa sababu ndiyo nchi waliyoikanyaga na historia waliyosomeshwa. Sisi tumezaliwa kwenye kisiwa kilichozingirwa kwa zaidi ya miaka miwili na nusu, kilichotawaliwa kwa zamu na masultani, Wareno, Waomani na Waingereza, na kilichopokea majahazi ya Uarabuni na Uhindi kila msimu kwa karne nyingi. Mali hii ni ya kutosha riwaya mia, michezo ya kompyuta na katuni.

Shida hutokea pale mtunzi anapochukua mapambo peke yake. Kanzu, mlango wa nakshi, harufu ya karafuu, jahazi wakati wa machweo: ukivipanga tu, umepata picha ya kuuzia watalii. Mwongozo huu unakutaka uchukue sababu. Ukishajua ni kitu gani kilichoufanya mji huu uwe ulivyo, unaweza kukibadilisha kitu hicho kimoja, ukafuata matokeo yake hadi mwisho, na mji utakaozaliwa utakuwa wako wala hautafanana na Mombasa. Nitatumia mfano mmoja njia nzima, mji wa kubuni niuitao Tangambili, ili uone kazi inavyokwenda.

Andaa daftari, ramani ya kisiwa na jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari ya Kilindini.

Hatua ya 1: Chora ramani mbili, si moja

Ramani ya ulimwengu wa kubuni huchorwa kana kwamba bahari imesimama. Kwetu bahari haisimami. Wakati wa bamvua, siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa huzidi mita 3, na hapo nchi yenyewe hubadilika sura mara mbili kwa siku: fungu huibuka, ngalawa hukaa juu ya mchanga, wanawake na watoto huenda kutafuta chaza na pweza mahali ambapo saa sita baadaye jahazi litapita.

Basi chora ramani ya maji yaliyojaa, kisha uchore ya pili ya maji yaliyopwa, ukijiuliza: nani anaweza kupita wapi, na kwa muda gani?

Historia ya Mombasa inakuonyesha uzito wa swali hilo. Kabla ya kujengwa njia ya kudumu, Makupa palikuwa kivuko, na maji yakipwa mtu aliweza kuvuka kutoka bara kwa miguu. Mwaka 1589 wapiganaji waliojulikana kama Wazimba walikuwa wamepiga kambi ng'ambo ya kivuko hicho. Mir Ali Bey, nahodha wa Kituruki aliyekuja na meli zake kuisaidia Mombasa dhidi ya Wareno, alilazimika kugawanya nguvu, sehemu ilinde kivuko na sehemu ilinde bandari. Meli za Wareno zilipofika kutoka Goa, makao yao makuu Uhindi, hakuwa na nguvu za kutosha upande wowote. Wareno waliingia kwa bahari, Wazimba wakavuka Makupa, na mji ukaangamia katikati yao. Baadaye Wareno wenyewe walijenga ngome ndogo kulinda kivuko hicho hicho, maana walikuwa wameona.

Angalia pia kwamba kisiwa kina bandari mbili. Upande wa mkono wa bahari wa Tudor kuna Bandari ya Kale, chini ya Mji wa Kale, iliyowafaa manahodha wa matanga. Upande wa pili kuna Kilindini, yenye kina cha kupokea meli kubwa. Enzi ya mvuke ilipofika, na reli ikaanza kujengwa mwaka 1896, moyo wa biashara ulihama kutoka upande mmoja wa kisiwa hadi mwingine. Chombo kipya kiliwatajirisha watu wa upande huu na kuwafukarisha wa upande ule, bila mtu yeyote kupigwa upanga. Mtunzi akiwa na ramani ya namna hii tayari ana ugomvi wa familia mbili, na hajabuni hata jini mmoja.

Hatua ya 2: Uulize upepo, kisha ubadilishe jambo moja

Hapa ndipo ninapokuomba ukae muda mrefu kuliko hatua nyingine zote.

Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi. Kusi huvuma takriban Aprili hadi Septemba, na katikati yake, Juni na Julai, bahari huchafuka kiasi cha majahazi kutia nanga na kungoja. Kati ya pepo hizo mbili kuna tanga mbili, wakati upepo haujaamua. Majahazi ya Oman, Uajemi na Gujarati yalikuja na kaskazi na kurudi na kusi.

Fuata sababu hiyo polepole. Mfanyabiashara akishafika hawezi kurudi kesho. Atakaa wiki nyingi, pengine miezi, kungoja upepo wake. Anahitaji malazi, ghala, mtu wa kumdhamini, mtu wa kumtafsiria. Akipata mwenyeji mmoja anayemwamini, atamrudia yule yule msimu ujao. Wengine walioa huku, wakazaa huku, na watoto wao wakakua wakijua lugha za pande zote mbili za bahari. Dini ilikuja kwa njia hiyo, na madeni, na mapishi, na maneno. Hata ukuu wa Kilwa ulitokana na upepo: chombo kilichotoka Uarabuni kingeweza kufika hapo na kurudi katika mzunguko mmoja wa pepo, lakini kwenda mbele zaidi hadi Sofala, kwenye dhahabu, kulihatarisha kupitwa na msimu. Aliyekaa kwenye mpaka huo wa upepo ndiye aliyeshika mizani.

Sasa badilisha jambo moja tu. Katika Tangambili upepo hugeuka mara moja kila miaka saba. Miaka saba ya kaskazi, vyombo vinaingia na havitoki. Miaka saba ya kusi, vyombo vinatoka na hakuna kinachoingia.

Usikimbilie kubuni wahusika. Andika matokeo kwanza. Anayefika mwaka wa kwanza wa kaskazi hununua pembe kwa bei ndogo, lakini ana miaka sita ya kungoja. Anayefika mwaka wa saba anakuta maghala yamekwisha, ila anarudi kwao karibu mara moja. Basi watakaokuja mapema ni matajiri wenye subira na wakimbizi wasiotaka kurudi, na watakaokuja mwisho ni masikini na wacheza kamari. Ndoa zitakuwa za namna mbili, na mkataba wa kila moja utataja upepo. Deni lililokopwa wakati wa kaskazi litalipwa lini? Mtoto atakayezaliwa ataona baba akiondoka na kujua kwamba kurudi kwake, akirudi, kutamkuta yeye ni mtu mzima au karibu. Mji utakuwa na watu wengi kupita kiasi mwishoni mwa kaskazi, na nyumba tupu mwishoni mwa kusi. Nani anahamia kwenye nyumba hizo? Mwenyewe akirejea, ni za nani?

Halafu jambo ambalo watunzi husahau: mvua. Masika yetu huja wakati kaskazi inapompisha kusi. Ukichelewesha kugeuka kwa upepo umechelewesha na mvua. Tangambili hupata mvua kubwa mara moja kila miaka kumi na minne, na katikati yake watu wanaishi kwa visima. Hukupanga hivyo ulipoanza, lakini sasa ni lazima. Mwenye kisima ndiye mwenye mji.

Nenda Gedi, karibu na Watamu, ukavitazame visima vya mji ule uliohamwa katika karne ya 17. Miongoni mwa sababu ambazo wataalamu wametaja ni kupungua kwa maji. Simama ukingoni mwa kisima kimoja na uandike unavyodhani mtu alihisi alipoanza kuongeza urefu wa kamba.

Hatua ya 3: Jenga kwa vitu vilivyopo

Nyumba za Mji wa Kale zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa na chokaa, na chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya kuni nyingi. Dari ziliwekwa juu ya boriti za mikoko. Boriti ina urefu wake, na kwa hiyo vyumba vya kale ni virefu na vyembamba, upana wake mara nyingi chini ya mita 3. Mti wa mkokoni ndio uliomwamuru fundi. Boriti hizo hizo zilipakiwa majahazini kwenda Uarabuni na Ghuba, nchi zisizo na miti ya kujengea, na kule nako zikapanga upana wa vyumba.

Kwa kila jengo katika ulimwengu wako andika mstari mmoja: limetokana na nini, nani alikileta, nini kilikatwa au kuchomwa ili lisimame. Inatosha. Usiandike kurasa tano za usanifu.

Hatua ya 4: Kisiwa hakili mawe, basi kipe bara

Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipita Mombasa mwaka 1331. Akaandika kwamba watu wa kisiwa hiki hula ndizi na samaki, na kwamba nafaka yao huletwa kutoka kwingine kwa sababu wao hawailimi. Huo ni mstari wenye thamani kubwa kwa mtunzi. Mji unaoonekana kuwa tajiri na wenye nguvu unategemea chakula cha watu ambao huenda unawadharau.

Ng'ambo ya maji waliishi, na wanaishi, Wamijikenda: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Wachonyi, Wakambe, Wakauma, Waribe na Wajibana. Makaya yao yalikuwa miji iliyojengwa ndani ya misitu na kulindwa kwa nyua na njia nyembamba, na misitu hiyo iliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Uhusiano wao na watu wa kisiwa ulikuwa wa mikataba: nafaka, pembe na sandarusi zilikuja mjini, nguo na bidhaa za ng'ambo zilikwenda bara, na vita vikija mmoja alimtafuta mwenzake.

Mjini kwenyewe palikuwa na Thenashara Taifa, makundi kumi na mawili ya Waswahili, yaani Tisa Taifa na Thelatha Taifa. Thelatha ni Kilindini, Tangana na Changamwe. Watawala wa kigeni walikuja na kuondoka, lakini hakuna aliyeuongoza mji kwa raha bila kuzungumza na pande hizo mbili. Nawasihi watunzi waliangalie sana jambo hili, kwa sababu fantasia nyingi zina mfalme mmoja na adui mmoja. Mombasa inakufundisha mji wenye baraza kumi na mbili, kila moja na kumbukumbu zake, mitaa yake na rafiki zake wa bara.

Kwa Tangambili, andika orodha ya vitu kumi ambavyo mji hauwezi kuvitengeneza. Mbele ya kila kimoja andika anayekileta na anachokipokea. Ukikuta mtu anayetoa bila kupokea, hapo ndipo hadithi yako ilipo.

Hatua ya 5: Tumia vita halisi kupanga pande

Fort Jesus, ngome ya Wareno kisiwani, ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa mchoro wa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Ingia ndani usome kuta zake kama mtunzi: mzinga unatazama wapi, maji ya kunywa yalitoka wapi, mtu aliyezingirwa angeona nini asubuhi.

Kisha soma mambo mawili.

La kwanza ni la Yusuf bin Hassan. Alikuwa mtoto wa ukoo uliotawala, akapelekwa Goa, akalelewa na mapadre, akabatizwa na kuitwa Dom Jerónimo, akarudishwa Mombasa awe mfalme chini ya Wareno. Agosti 1631 aliingia ngomeni na kumuua kamanda wa Kireno, akarejea kwenye Uislamu, na Wareno wa mji wakauawa. Mwaka uliofuata aliiacha ngome akaenda baharini, akawa mshambuliaji wa vyombo vya Wareno. Mtu huyu hakutosha kokote alikowekwa. Usimnakili. Jiulize ni mji wa namna gani unaomtengeneza mtu kama huyo, halafu utengeneze wako.

La pili ni mazingiwa ya Machi 1696 hadi Desemba 1698. Waomani waliizingira ngome pamoja na wenyeji waliochoshwa na Wareno. Msaada wa Wareno ulitoka Goa, na Goa ilikuwa ng'ambo ya upepo: hata mtu awe na meli na mizinga, alingoja msimu. Ndani ya ngome magonjwa yaliua zaidi kuliko risasi. Mwaka 1697 kamanda wa Kireno alipofariki, aliyeshika ngome hadi msaada ulipofika alikuwa Bwana Daud wa Faza, Mswahili, pamoja na wenyeji waliokuwa naye, na wanawake wakiwemo katika kuilinda. Mwaka huo huo manowari ya Santo António de Tanná ilizama chini ya ngome, na vitu vilivyoopolewa humo utaviona ndani ya makumbusho. Ngome ilipoanguka mwishoni mwa 1698, merikebu za msaada zilifika siku chache baadaye na kukuta bendera nyingine juu.

Sasa angalia pande. Waswahili wa Faza walikuwa ndani, Waswahili wengi wa Mombasa walikuwa nje. Hakuna mpaka wa rangi wala wa dini unaoeleza mazingiwa haya peke yake, na ukiuandika ulimwengu wako kwa mpaka wa namna hiyo utaandika uongo ambao hata historia haikuuthubutu. Panga kila mhusika wa vita vyako kwa maswali matatu: anamdai nani, anamwogopa nani, nani aliwahi kumwokoa baba yake?

Hatua ya 6: Wape kalenda yao

Mabaharia wa pwani walikuwa na mwaka wa jua wa siku 365 ulioanzia Nairuzi, siku yao ya mwaka mpya, uliohesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi. Nahodha aliyekwambia mwongo wa ngapi alikuwa amekueleza upepo, mvua na samaki kwa pamoja. Sambamba nao ulikwenda mwaka wa mwezi, wa funga na Idi. Na siku yetu huanza magharibi, si usiku wa manane.

Kalenda mbili zinazokwenda pamoja bila kulingana ni zawadi kwa mtunzi. Ibada na safari zitagongana mwaka fulani, na mji utalazimika kuchagua.

Hatua ya 7: Jua mahali pa kusimama

Kuna vitu ambavyo si malighafi. Siri za kaya ni za wenye kaya. Kaya Kinondo, karibu na Diani, hupokea wageni kwa utaratibu wake, na hapo utaongozwa na kuelezwa yanayoelezeka. Usichore fingo halisi, kinga takatifu ya kaya, ukaifanya silaha ya mchezo wa kompyuta. Aya za Kurani usizigeuze maneno ya uchawi. Majini yamo katika masimulizi yetu yote, na unaweza kubuni viumbe wako kwa tabia za masimulizi hayo, ila kumbuka kwamba kwa jirani yako ni jambo la kweli.

Utumwa lazima uingie kama ulimwengu wako una majahazi, pembe na mashamba makubwa. Ukiuacha utakuwa umeusafisha utajiri wa mji kwa wino. Pita Kengeleni, upande wa bara wa Nyali, ambako kengele ya Frere Town, makazi ya watumwa walioachiwa huru katika miaka ya 1870, imesimama kando ya barabara yenye msongamano. Watu waliofikishwa pale walitoka sehemu nyingi na lugha nyingi, wakaanza upya. Wape watu wa namna hiyo majina, kazi na hasira katika kitabu chako. Wasiwe kundi linalopita nyuma ya mhusika mkuu.

Ukitaka kuuliza wazee, nenda barazani alasiri, toa shikamoo, kaa chini, eleza unachokiandika kabla hujatoa daftari. Mzee akikataa jambo moja usimzunguke kwa mwanawe.

Hatua ya 8: Majina

Usitumie majina ya koo zilizo hai. Yape mahali majina yatokanayo na ardhi na kazi, kama ilivyo Bondeni, Forodhani, Kilindini. Yatamke kwa sauti. Jina ambalo manamba hawezi kuliita kutoka mlango wa matatu halitakaa mdomoni mwa msomaji. Watu wa bara wa ulimwengu wako wawe na mpangilio wao wa sauti, wageni wa ng'ambo wao tofauti, na watoto waliozaliwa kati yao wachanganye.

Hatua ya 9: Jaribu kabla ya kuandika sura ya kwanza

Twiga aliyetumwa kutoka Malindi alifika China mwaka 1415, na baraza la mfalme likamwona ni qilin, mnyama wa hadithi zao wa heri. Kitu cha kawaida cha huku kiligeuka muujiza kule kwa sababu kilivuka bahari. Fanya hivyo kwa makusudi: chagua kitu kimoja cha kawaida cha mji wako, kisafirishe hadi mwisho wa ramani, na uandike ukurasa mmoja wa watu wanaokiona kwa mara ya kwanza.

Halafu fanya kinyume. Mwandikie msomaji siku nzima ya mchukuzi wa maji, bila vita, bila uchawi, bila kueleza historia yoyote. Anaamka saa ngapi, anapita kivuko kabla maji hayajajaa au baada, anamlipa nani kisimani, anamkwepa nani njiani, anaimba nini. Msomee mtu wa Likoni na mtu wa Kisauni, kila mmoja peke yake. Muulize: upepo gani unavuma katika mji huu, na nani ana njaa? Wakijibu sawa bila wewe kuwadokezea, anza sura ya kwanza. Wakibabaika, rudi kwenye ramani mbili na uanze na maji yaliyopwa.